Kabati la Unga Nililolinunua kwa Madame

Wadogo zangu mnaomaliza masomo mwaka huu na kunitumia ujumbe mkiuliza kazi ziko wapi, mimi nimestaafu. Msicheke. Sijafika hata miaka thelathini na mitano, lakini kazi pekee niliyoijua vizuri imekwisha, kwa sababu nyumba iliyoihitaji imefungwa. Fundi wa reli akistaafu, reli inabaki. Mimi nilipotoka, jiko lilizimwa, na sidhani kama hapa Lubumbashi kuna jiko lingine la kuniajiri. Kwa hiyo nivumilieni nizungumze kama wazee wanavyozungumza, nikiruka huku na huku.

Kazi yangu ilikuwa kuogopa. Ninasema kweli. Nilimaliza droit, yaani masomo ya sheria, nikakaa nyumbani nikisubiri nafasi, na muda wote huo kipaji changu kilikuwa kimoja: nikifunga mlango ninarudi kuhakikisha umefungwa, halafu nikiwa njiani ninajiuliza kama katika kuhakikisha sikuufungua. Mama yangu alichoka. Shangazi akasikia kwamba kuna mjane Myahudi anayetafuta mtu wa kusoma maandishi madogo nyuma ya paketi za chakula, kwa kuwa macho yake na ya mpishi wake yamechoka. Nikapelekwa.

Mjane huyo aliitwa Madame Fortunée. Alizaliwa mji huu huu, babu na bibi zake walitoka kisiwa cha Rodi, marehemu mume wake aliuza vitambaa. Watu wa dini yake walikuwa wengi zamani, wakaondoka mmoja mmoja, na wale waliobaki wangeenea kwenye meza yake. Jikoni alikuwapo Papa Saleh, mpishi wake tangu zamani, Mwislamu, ambaye wazee wake walitoka Maniema. Madame alinipa paketi ya biskuti, akasema nisome. Nikasoma yote, hadi anwani ya kiwanda.

"Kuna gelatine," nikasema. "Lakini hawakusema ya nini. Inaweza kuwa ya ng'ombe, inaweza kuwa ya nguruwe, inaweza kuwa ya samaki, na kama ni ya samaki, hatujui ni samaki gani."

Papa Saleh akamgeukia Madame. "Huyu anaogopa muzuri," akasema. "Tumubakishe."

Tangu siku hiyo akaniita Maître, kama mwanasheria wa kweli wa mahakamani. Hata nilipokuwa ninamenya vitunguu: Maître, pitisha chumvi. Maître, ufagio.

Jiko la kasheri, yaani la chakula halali kwa Wayahudi, lina mambo mengi, lakini jambo la kwanza ni kwamba nyama na maziwa havikutani. Si kwenye sahani, si kwenye sufuria, si kwenye kijiko. Kwa hiyo kila chombo kina pacha wake, mmoja wa nyama, mmoja wa maziwa, na kila pacha ana rafu yake. Papa Saleh, kwa kuwa haoni vizuri, alichonga alama kwenye mipini ya miiko ya nyama kwa kisu. Akishika mwiko, kidole gumba kinamwambia ni wa wapi kabla ya macho. Nimejifunza hapo jambo ninalowapa bure: mkiingia kazi yoyote mpya, msianze kuonyesha mnayoyajua. Ulizeni kwanza kijiko gani kinakaa wapi. Mimi wiki ya kwanza nilikoroga mchuzi wa nyama kwa mwiko wa maziwa, na chakula chote kikaenda kwa zamu, yaani mlinzi wa getini, ambaye alikula akamwomba Mungu nikosee tena.

Yai unalivunja peke yake ndani ya glasi, unaliinua kwenye mwanga, unatafuta tone la damu. Likiwamo, unamwaga. Mama yangu hadi leo ananiuliza kwa nini ninaangalia mayai kama daktari wa radiografia. Na mchele! Ndugu wa Madame wanakula wali wakati wa Pasaka yao, Wayahudi wengine hawali, lakini wanaokula wanaumwaga kwanza kwenye kitambaa cheupe na kuuchagua mara tatu, kusudi isibaki hata punje moja ya ngano. Mimi nilichagua mara ya nne, Madame alipotoka.

Samaki ndiye aliyenitesa zaidi. Sheria yao inataka samaki awe na mapezi na magamba. Samaki aitwaye pale, wa Ziwa Mweru, anakubalika, kambale hakubaliki hata umpambe. Basi nikaenda sokoni kwa mama mmoja anayeleta samaki wa Pweto, nikachagua pale wazuri, naye kwa upendo akawaparua magamba, akawakata, akawaosha, akanifungia. Nikarudi ninajivuna. Papa Saleh akafungua kile kifurushi, akageuza samaki mmoja upande huu na huu.

"Hii njo nani?" akauliza.

"Pale, Papa Saleh."

"Nani anasema?"

"Mama wa sokoni."

"Maître, samaki bila magamba iko kama muntu bila carte d'électeur, bila kitambulisho. Anaweza kusema jina yenye anataka."

Zamu akala tena. Tangu hapo nilikuwa nikienda sokoni na kisu chetu na ubao wetu, na yule mama akiniona tu anapiga kelele kwa wenzake: "Mupishe! Wa magamba anakuja! Musimuguse samaki wake, banalala na nguo!" Nilipozoea kuchekwa hivyo, niliona kwamba nusu ya kazi ni kukubali kuonekana mjinga mbele ya watu wanaokupenda.

Sasa nifike kwenye Pasaka ya Madame, kwa sababu ndiyo niliyotaka kuwaambia tangu mwanzo.

Kwa siku zote za sikukuu hiyo Myahudi hali mkate wala kitu chochote cha ngano kilichopata muda wa kuchacha. Anakula maza, mkate bapa mkavu unaovunjika kama kigae. Na si kwamba hali tu. Hatakiwi hata kuwa navyo. Kwa hiyo nyumba inageuzwa. Vyombo vya kila siku vinafungiwa, vya Pasaka vinatolewa kwenye sanduku la bati, makombo yanatafutwa hadi chini ya makochi na kuchomwa. Bukari, yaani ugali wetu wafanyakazi, tuliupika nje kwenye mbabula, jiko la mkaa. Mahindi si ngano, ni kweli, lakini nani anajua mashine ya kusaga ilisaga nini kabla yetu? Swali hilo nililileta mimi, na Papa Saleh hakunisamehe kwa sababu jua la nje lilikuwa kali.

Lakini unga wa ngano, makaroni, biskuti na chupa za whisky za marehemu utafanya nini? Kuvichoma vyote ni hasara. Hapo wana desturi ya ajabu: wanaviuza. Vinawekwa kwenye kabati, kabati linafungwa, na kabla sikukuu haijaanza mwenye nyumba anamuuzia mtu asiye Myahudi vyote vilivyomo, anapokea kitu kidogo cha malipo na kumkabidhi ufunguo. Sikukuu ikiisha, kwa kawaida anavinunua tena. Kwa miaka mingi mnunuzi alikuwa Papa Saleh. Alinunua kila kitu isipokuwa whisky. "Mimi kuwa mwenye pombe? Hata kwa saa moja, apana," alisema, na kila mwaka Madame akahangaika kumtafutia whisky mwenyewe.

Kisha nikaja mimi, Mkatoliki. Whisky ikapata baba na mama. Madame akaona ni rahisi kuniuzia kabati zima, nami, kwa kuwa nilisoma sheria, nikamchosha. Je, ni mauzo kamili? Nyumba ikiungua, hasara ni ya nani? Ukikataa kuninunulia tena? Nikikataa mimi kuuza? Alicheka hadi akajifuta macho.

"Yako ni yako, Masengo," akasema. "Nikisema yangu, nimetenda dhambi."

Nililibeba neno hilo kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga.

Mwaka ninaosimulia, mambo matatu yalikutana. Papa Saleh alikuwa katika Ramadhani, mimi katika Juma Kuu, Madame katika Pasaka yake. Papa Saleh hawezi kuonja kitu hadi jua lizame, mimi sili nyama Ijumaa, Madame hali mkate. "Jiko gani hii," Papa Saleh akanung'unika, "wapishi beko na njaa, mwenye nyumba iko na njaa, na tunapika sawa tuko kwa harusi." Kuonja chumvi ya mchuzi kukawa kazi yangu, na mnaweza kufikiri mtu kama mimi anaonja mara ngapi.

Mwaka huo pia ulikuwa wa mwisho kwa Madame kukaa hapa. Mtoto wake wa pekee, Elie, anaishi Ulaya, na ilikuwa imeamuliwa kwamba baada ya mvua zinazofuata atamchukua mama yake. Elie alikua mtu wa dini kali kuliko wazazi. Si mtu mbaya, nawaambieni. Alipofika alimkumbatia Papa Saleh, aliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo, hadi kofia ya mzee ikaanguka. Lakini kwa miaka kadhaa, kila alipokuja kutembea, hakula kwa mama yake. Alileta sufuria yake ndogo yenye mfuniko, akachemsha mayai yake, akala na matunda. Kule Ulaya jiko ni la mke wake. Kwa hiyo Pasaka hiyo ilikuwa nafasi ya mwisho ya Madame kumlisha mwanawe kwa mkono wake, katika nyumba yake. Hakusema hivyo kwa mtu yeyote. Alipika tu samaki, wale pale, kwa mchuzi wa mayai na ndimu, wanaoliwa baridi, chakula alichokipenda Elie tangu utoto, na alinituma kuwaonja mara tatu.

Ijumaa asubuhi nilinunua kabati. Saa sita hivi Elie akafika kutoka uwanja wa ndege na ile sufuria yake. Akaingia jikoni, akaangalia. Nilisimama nyuma ya Papa Saleh kama siku ya mtihani wa mdomo. Aliangalia vyombo vya Pasaka, rafu zilizofunikwa, samaki na magamba yao kwenye ndoo, maana nilikuwa nimeyahifadhi kama ushahidi. Akatikisa kichwa akionyesha kuridhika. Madame akaanza kutabasamu.

"Na kabati?" Elie akauliza.

"Imeuzwa," Madame akasema. "Kwa Masengo. Mbele yake ilikuwa kwa Papa Saleh."

Elie akamgeukia mzee kwa upole. "Papa Saleh, ile miaka yote, ulifunguaka kabati? Hata siku moja? Ulibeba kitu?"

Papa Saleh akaweka mkono kifuani. "Mimi? Mungu iko shahidi yangu. Tangu papa yako iko muzima, sikugusa hata biskuti moja. Uliza mama yako. Mufunguo nilikuwa naurudisha sawa vile nilipewa."

Alisema kwa fahari, kama mtu aliyelinda jina lake maisha yote. Na kila neno lilikuwa likivunja kitu. Niliona Elie anainamisha kichwa.

"Maman," akasema, na sasa walizungumza Kifaransa. "Unawauzia watu ambao hawawezi kuthubutu kufungua. Hayo si mauzo, ni mchezo wa kuigiza. Na kama kabati ni mchezo, sijui kingine humu ni nini. Nisamehe. Nitakaa mezani na wewe, nitasoma sala zote, lakini nitakula mayai yangu."

"Sawa," Madame akasema. Akachukua kitambaa, akafuta sehemu ya meza iliyokuwa safi tayari.

Jioni hiyo wageni wachache walikuja, sala zikasomwa, nyimbo zikaimbwa. Madame aligawa samaki kwa mkono wake. Alipofika kwa Elie alimruka bila kusita, kama mtu anayeruka dimbwi analolijua. Elie akamenya yai. Papa Saleh, aliyefuturu kwa tende na chai mlangoni, hakuingia tena sebuleni.

Nilipofika nyumbani, mama alikuwa na shida yake. Wiki ile unga wa ngano ulikuwa umepotea madukani, na Pasaka yetu ilikuwa Jumapili. Ndugu wangekuja kutoka Kasomeno, na Pasaka bila mikate ya mafuta, kwetu si Pasaka.

"Si ulisema uko na unga kwa yule Madame?" akauliza.

"Ni wangu kwa sheria, mama."

"Basi lete."

"Mama, haiko vile."

"Iko yako ao haiko yako? Sema moja tu, muachie mingine."

Mnanijua sasa. Nilienda kazini Jumamosi nikiwa na swali hilo kama kokoto kwenye kiatu. Kama siwezi kuuchukua, basi si wangu. Kama si wangu, ni wa Madame, na Madame anao unga wakati wa Pasaka, naye Elie ana haki. Lakini nikiuchukua, nitaitwa mwizi, katika nyumba ambayo Papa Saleh hakugusa biskuti. Tena unga ule ulikuwa mfuko wa mwisho mzuri, ambao Madame aliuweka kwa ajili ya mkate wake wa kwanza baada ya sikukuu, na madukani haupo. Nilifika hadi kwenye kabati mara mbili nikarudi. Mara ya tatu Papa Saleh akanikuta na ufunguo mkononi.

"Weye unatafuta nini pale?"

"Unga wangu."

"Maître! Unataka batuite bezi?"

"Papa Saleh, jana ulisema kweli, na kweli yako ilimnyima Madame mtoto. Kama mnunuzi hawezi kula alichonunua, alinunua nini?"

Sikujua kama amekasirika. Kisha akageuza uso kuelekea dirishani, akasema, "Mimi sioni. Macho yangu iko mabaya."

Nilifungua. Nikabeba mfuko kichwani, nikatoka kwa njia ya mbele, kwa sababu mwenye mali hapiti uani. Getini zamu akanisimamisha.

"Masengo! Unabeba nini?"

"Unga."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Yako? Asubuhi uliingia na kasakoshi ya mukono tu, minakuona na macho yangu!"

Elie alikuwa amekaa barzani na kitabu chake cha sala. Akainuka. "Kuna nini?"

"Patron, huyu anasema unga iko yake!"

Elie akashuka ngazi polepole. "Nani alikupatia ruhusa?"

"Hakuna mutu, Monsieur Elie. Nilinunua jana."

"Na kisha sikukuu, maman akitaka kununua tena?"

"Atanunua whisky. Unga tutakuwa tumekula."

Hakucheka. Aligeuka akaita: "Maman!"

Madame akatoka. Akaona mfuko kichwani kwangu, akautambua, na mdomo ukafunguka. Kila mtu alimtazama: Elie, zamu, mimi, na Papa Saleh mlangoni mwa jiko na kitambaa begani. Nilijua kwamba maneno mawili tu, "unga wangu", yangefuta kila kitu, mauzo ya mwaka ule na ya miaka yote. Nilimwona akiyafikia. Nilimwona akiyameza.

"Masengo," akasema. "Umesahau levure."

"Madame?"

"Iko kwa kopo, rafu ya juu. Mama yako atavimbisha mikate na nini? Ao ulinunua nusu ya kabati?" Kisha akamgeukia zamu kwa ukali. "Na weye, unasimamisha muntu na mali yake juu ya nini? Mufungulie!"

Nikarudi kuchukua levure. Nikasoma kwanza maandishi yote ya kopo, kwa mazoea.

Mchana meza iliandaliwa. Papa Saleh alipeleka sahani ya samaki baridi, akarudi, akasimama karibu na mlango na kiu yake ya Ramadhani. Mimi sikuweza kuchungulia. Nilifikiri mambo yote yanayoweza kuharibika: mchuzi una ndimu nyingi, mfupa utamkaba, atakumbuka sababu nyingine. Kutoka sebuleni tulisikia sauti ya Elie akimweleza mama yake jambo fulani kuhusu sheria ya mauzo, akanukuu mwalimu huyu, akanukuu mwalimu yule. Kisha sauti ikakatika.

"Anakula," Papa Saleh akasema.

"Umejuaje?"

"Ananyamaza."

Tulingoja. Baadaye Madame alikuja jikoni mwenyewe, ameshika ile sufuria ndogo ya Elie na mayai yake ndani hayajaguswa. Akaiweka mezani mbele yangu.

"Haya ni yenu," akasema. "Yeye hayataki tena. Na Saleh, kata samaki ingine. Anaomba mara ya pili."